Duka la Mama na Maji ya Nyando

Kila mwaka kurasa za jarida letu hujaa hadithi tamu, vitendawili na mashairi ya kuwasifu walimu. Mimi mwaka huu nimemwomba mhariri anipe nafasi niandike juu ya jambo lisilo na utamu lakini lenye faida: namna biashara ndogo zinavyoweza kujitayarisha kabla ya majanga ya kimaumbile, na namna zinavyoweza kuinuka tena majanga hayo yakishapita.

Ninaposema biashara ndogo sizungumzii makampuni ya mjini. Nazungumzia duka la nafaka, kibanda cha sukuma wiki, cherehani iliyowekwa barazani, mashine ya kusaga unga, karakana ya jua kali na mama anayeuza omena kwa kipimo cha gorogoro. Hebu tazama darasani mwako. Ni wangapi ambao karo yao hutoka huko? Mimi ni mmoja wao. Ndiyo maana maji yalipoingia dukani mwetu, nusura yanitoe shuleni.

USIKU WA MAJI

Mtakumbuka kwamba mwaka wa 2024 shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili kwa muhula wa pili. Mvua za masika zikazidi, ufunguzi ukaahirishwa kwa juma moja, kisha ukaahirishwa tena, hata tukarudi shuleni tarehe 13 Mei. Alfajiri ya tarehe ile ile 29 Aprili, huko Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamezuilika penye njia ya reli ya zamani yalipasua yakateremka kwa kishindo yakaua zaidi ya watu 50. Kote nchini mvua za msimu ule ziliua watu karibu 300.

Baadhi yetu walifurahia likizo kuongezwa. Mimi nilikuwa nyumbani katika Nyanda za Kano, si mbali na Ahero, ambako mama yangu ana duka la nafaka katika kituo kidogo cha biashara. Jioni moja ya siku hizo mbingu za kwetu zilikuwa safi. Hakuna aliyeogopa. Lakini Mto Nyando hauanzii kwetu. Maji yake hutoka milimani upande wa Nandi na Tinderet, yakateremka hadi kwenye tambarare yetu kabla ya kuingia ziwani. Mvua ikinyesha huko juu mchana, sisi huku chini twaweza kuyapokea maji usiku tukiwa tumelala, na nyota zinawaka.

Saa nane za usiku tulisikia watu wakipiga mabati kwa fimbo. Mama aliamka akasema, "Duka!" Hakusema neno jingine. Tulipofika, maji yalikuwa yamekwisha kupita magotini. Tulivuta magunia mawili ya maharagwe tukayaweka juu ya kaunta. La tatu lilikuwa limenywa maji, likawa zito kama mtu mzima, halikuinuka. Tukasimama pale na tochi, tukayatazama mahindi, mchele na sukari vikiloweka. Asubuhi maji yalifika kiunoni.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Duka la Mama halikufa usiku ule. Lilikaribia kufa wiki tatu baadaye, wakati jua lilikuwa linawaka na watu wa kutoa pole wamekwisha kwenda zao.

KWA NINI MDOGO HUUMIA ZAIDI

Tajiri na maskini wakinyeshewa na mvua moja hawalowi sawasawa. Mfanyabiashara mkubwa ana ghala mahali pengine, ana pesa benki, ana bima, na hesabu zake zimo katika kompyuta. Mwenye duka dogo mali yake yote imo katika chumba kimoja. Pesa zake zote amezigeuza kuwa bidhaa. Chakula cha nyumbani hutoka katika rafu zile zile. Aidha, nusu ya bidhaa hizo hazijalipiwa, kwani alizichukua kwa mkopo kutoka kwa muuzaji wa jumla.

Watu wakija kutoa pole huuliza, "Mmepoteza magunia mangapi?" Hasara hiyo huonekana kwa macho. Lakini ziko hasara nyingine ambazo hazionekani. Nitatumia hesabu ya duka letu kuzieleza, kwa ruhusa ya Mama mwenyewe.

Kwanza ni mali. Dukani mlikuwa na bidhaa za shilingi 64,000 hivi. Tuliokoa maharagwe yale, sabuni, mafuta ya chupa na vitu vya mikebe, jumla kama shilingi 11,000. Zilizopotea ni 53,000.

Pili ni siku. Duka lilifungwa kwa siku 45. Kila siku ambayo duka limefungwa hakuna faida, lakini watu wa nyumbani wanakula, na mwenye nyumba anataka kodi yake.

Tatu ni wateja. Mteja hawezi kukungoja. Akikosa unga kwako leo atanunua kwa jirani, na akizoea njia ya kwa jirani, kumrudisha ni kazi.

Nne, na hii ndiyo iliyotuuma zaidi, ni daftari. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mama alikuwa anawadai wateja shilingi 23,400. Jumla aliikumbuka kwa sababu alikuwa ameipiga Jumamosi iliyotangulia. Lakini nani anadaiwa kiasi gani? Hayo yalikuwa katika daftari, na daftari lilikuwa chini ya kaunta ndani ya katoni ya sukari. Tulipolipata, kurasa zilikuwa zimegandana kwa matope zikawa kama chapati moja. Tulilianika juani siku mbili. Wapi! Kila tulipofungua ukurasa ulikatika.

Basi wiki tatu zikapita. Muuzaji wa jumla akaja kudai shilingi 20,000 zake, na haki ni yake. Mama hakuwa na bidhaa za kuuza, hakuwa na pesa taslimu, na hakuwa na daftari la kumwezesha kudai zilizo zake. Siku ile ndipo nilipomwona analia. Usiku wa maji hakulia.

KABLA YA MAJI

Ningependa sasa tutazame yale ambayo tungaliweza kuyafanya mapema. Mengi hayahitaji pesa nyingi.

Jambo la kwanza ni kuusoma ukuta. Mafuriko huacha alama ya matope ukutani. Maji yalituingilia mwaka wa 2020 pia, yakafika magotini, yakaacha mstari. Sisi tulifanya nini? Tulipaka rangi ukuta upendeze. Tungaliuacha mstari ule, na juu yake tungalipigilia rafu. Jirani yetu mwenye mashine ya kusaga unga hakupaka rangi. Baada ya 2020 alimwita mwashi akamjengea jukwaa la saruji, akaipandisha mota juu yake kufikia kifua. Watu walimcheka, ati anasagia unga darini. Mwaka wa 2024 maji yalipita chini ya mota ile, naye akawa anasaga tena baada ya siku kumi. Anayecheka sasa ni nani?

Kwa duka la nafaka, gunia lisikae sakafuni. Liwekwe juu ya jukwaa la mbao, na vitu vinavyoharibika upesi kama sukari, unga na mchele vikae rafu za juu. Sabuni za mche, mafuta ya chupa na vitu vya mikebe ndivyo vikae chini. Kupanga upya hivi ni kazi ya alasiri moja, na hakuna gharama.

Jambo la pili ni kusikiliza habari za hali ya hewa na kuzielewa. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya masika ya Machi hadi Mei na kabla ya vuli ya Oktoba hadi Desemba, na pia hutoa maonyo ya siku chache mvua kubwa ikikaribia. Kosa letu ni kusikiliza habari za mahali petu tu. Sisi wa Kano yatupasa kusikiliza habari za milima ya Nandi. Mtu wa Garissa au Hola yampasa kujua mvua imenyeshaje sehemu za Mlima Kenya na Nyandarua, kwa sababu Mto Tana huanzia huko. Mtu wa Budalang'i naye autazame Nzoia tangu Cherangani na Elgon.

Wazee watakumbuka mvua za El Niño za 1997 na 1998, zilizobomoa barabara na madaraja sehemu nyingi za nchi. Mwezi wa Januari 1998 serikali iliunda kituo cha kitaifa cha kushughulikia majanga kwa sababu ya mvua hizo. Funzo la miaka ile lingali na nguvu: barabara ikikatika, hata duka lililo mahali pakavu hukosa bidhaa. Kwa hivyo si vibaya mwenye duka kujua wauzaji wa jumla wawili, walio katika njia mbili tofauti.

Jambo la tatu ni daftari. Kila Jumamosi jioni, baada ya kufunga, mwenye duka apige picha za kurasa za madeni kwa simu yake, kisha amtumie mtu mwingine anayemwamini, tuseme mtoto aliye mjini au dada yake. Simu nayo huzama, msisahau! Asiye na simu ya picha aandike daftari la pili, likae nyumbani mahali pa juu, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Yapasa pia aandike orodha ya mali iliyomo dukani na bei zake. Bila orodha hiyo, siku ya kuomba msaada au fidia utasema nini? Utasema "nilikuwa na vitu vingi", na kila mtu husema hivyo.

Jambo la nne ni akiba iliyo nje ya duka. Mama alikuwa na kikopo cha sarafu na noti kidogo. Kikopo kilienda na maji. Tangu mwaka wa 2007, M-Pesa ilipoanza, kuweka pesa mahali pasipofikiwa na maji si jambo gumu tena. Vyama vya akina mama, akiba za ushirika na benki pia vipo. Haba na haba hujaza kibaba. Lengo liwe kupata pesa za kununua bidhaa za juma moja. Lengo dogo, lakini nitaeleza baadaye kwa nini linatosha.

Jambo la tano ni bima. Wengi husema bima ni ya matajiri. Sivyo, siku hizi ziko bima ndogo. Huko Marsabit, tangu mwaka wa 2010, wafugaji wamewahi kununua bima ya mifugo inayolipa malisho yanapokauka, na malisho hupimwa kwa picha za setilaiti bila mtu kuhesabu mizoga. Lakini mwenye duka aulize maswali kabla ya kutia sahihi. Je, mafuriko yamo? Bima ya moto haimaanishi kwamba maji nayo yamo. Je, bidhaa zimo, ama ni jengo tu? Asitaje thamani ndogo ili alipe kidogo, kwa maana fidia nayo itakuwa ndogo. Na asingoje mawingu yatande. Hakuna anayeuziwa bima maji yakiwa mlangoni.

SIKU ZA KWANZA

Tuseme basi janga limekwisha kutokea. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini liko la kufanya.

Usalama ni kwanza. Usiingie dukani kabla ya umeme kuzimwa katika swichi kubwa, na usiwashe kitu chochote kilicholowa mpaka fundi akitazame. Vaa viatu vya mpira, kwa sababu matope huficha misumari na vioo. Maji ya mafuriko yamepita vyooni. Nawa kwa sabuni, kwani kipindupindu hupenda siku kama hizo.

Kabla ya kutupa chochote, piga picha na uandike. Gunia moja la mahindi limelowa, andika. Mizani imeharibika, andika. Nimeona watu wakisafisha kwanza ili pasionekane pabaya mbele ya wageni. Halafu maafisa wakaja kuandika hasara, wakakuta sakafu safi.

Sasa nafika kwenye jambo la mahindi yaliyolowa, ambalo naomba kila msomaji alitie moyoni. Siku ya tatu alikuja mtu na pikipiki jioni. Alimwambia Mama kwa sauti ya chini, "Mama Duka, hayo mahindi nipatie yote kwa elfu nane. Nitayaanika, nitayachanganya na mengine, hakuna atakayejua. Ama useme ni chakula cha ng'ombe." Shilingi 8,000 siku ile ilikuwa pesa nyingi sana. Ilikuwa sehemu kubwa ya karo yangu. Mama alinyamaza kwa muda mrefu. Mimi, nakiri, moyoni nilikuwa nasema, "Kubali, Mama."

Hakukubali. Na sasa baada ya kusoma nimeelewa kwa nini alifanya vyema. Mahindi yakipata unyevu huota ukungu, na ukungu mmoja hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, na huwezi kuitambua kwa kuonja. Mwaka wa 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Hata kumlisha ng'ombe si salama, kwani sumu hupita hadi katika maziwa. Ndiyo sababu mahindi ya kuwekwa ghalani yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mahindi yaliyoloweshwa na maji ya mafuriko yamebeba tena uchafu wa vyoo. Tuliyafukia shimoni, mimi na kaka yangu, magunia manne. Ilikuwa kazi ya machozi.

KUINUKA TENA

Mama aliinukaje? Hakungoja kupata shilingi 53,000. Angalingoja angekuwa anangoja hata leo. Alifanya mambo matatu.

La kwanza, alimwendea muuzaji wa jumla kabla hajaja mara ya pili. Alichukua picha za hasara na akasema ukweli: "Baba, deni nalijua ni elfu ishirini. Silikani. Nipe nafasi nilipe elfu mbili kila mwezi." Muuzaji akakubali. Mdai hachukii umaskini wako kama anavyochukia kufichwa. Ukizima simu, umemfunza kukudhania mabaya.

La pili, alizunguka nyumba kwa nyumba na daftari jipya. Hakumwambia mtu, "Unadaiwa kiasi hiki." Aliuliza, "Ndugu yangu, daftari langu limekwenda na maji. Wewe unakumbuka ilikuwa ngapi?" Wengine walitaja ukweli. Mwalimu mmoja mstaafu alikuja mwenyewe kabla hajaulizwa, akatoa shilingi 1,200 na kusema, "Hili deni lilikuwa kichwani mwangu, huko hakuingii maji." Wengine walisahau ghafula, na wawili walihama njia. Alipata shilingi 14,000 hivi. Zile 9,400 zilizobaki hazikuchukuliwa na mto, zilichukuliwa na kukosa nakala ya daftari.

La tatu, alianza na bidhaa chache zinazotoka upesi. Chama chao cha akina mama kilimpa zamu yake ya mwezi mapema, ingawa haikuwa imefika. Hakununua magunia. Alinunua chumvi, viberiti, sabuni, sukari ya kupima, na mahindi debe mbili tatu. Vitu hivi mtu hununua kila siku, hivyo pesa hurudi baada ya siku mbili badala ya wiki mbili. Faida ilikuwa ya senti, lakini mlango ulikuwa wazi na wateja wakaanza kuirudia njia yao. Hii ndiyo sababu nilisema akiba ya bidhaa za juma moja inatosha kuanzia. Kama angalikuwa nayo, duka lingefunguliwa mara tu matope yalipokauka, wala si baada ya siku 45.

Tahadhari moja kuhusu mikopo. Mtu aliyepigwa na janga hushika chochote. Ipo mikopo ya simu inayopatikana kwa dakika moja, lakini inataka kulipwa upesi. Hata mkopo wa mtu binafsi wa Hustler Fund, ulipoanzishwa Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ulikuwa wa kulipwa kwa siku 14. Riba hiyo ni nafuu, lakini siku 14 ni chache kwa duka ambalo bado linaanikwa. Mkopo wa kununulia sabuni ya kuuza kesho unaweza kulipika. Mkopo wa kujengea ukuta ungoje.

MSAADA UNAOFAA

Labda utasema, "Hayo ni ya duka moja tu, usitupigie mfano wa mama yako." Vyema, na tuvuke bahari yetu ya Hindi twende Sri Lanka. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko kubwa la ardhi chini ya bahari karibu na Sumatra lilileta mawimbi ya tsunami. Mawimbi yale yalifika hata pwani ya Afrika Mashariki saa kadhaa baadaye; huko Mombasa habari zilitangulia maji, na watu wakaondolewa ufuoni. Sri Lanka haikupata nafasi hiyo, na maelfu kwa maelfu waliangamia.

Baadaye watafiti watatu, Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff, walizifuata biashara ndogo za huko kwa miaka kadhaa. Waligundua mambo ambayo Mama yangu angeweza kuwaambia bila kupanda ndege. Misaada iliyotolewa kwa familia ililingana kwa kiasi na hasara za vitu vya nyumbani, lakini haikulingana na hasara za biashara. Baada ya zaidi ya miaka mitatu, biashara zilizopigwa zilikuwa bado nyuma ya zile ambazo hazikuguswa. Watafiti waliwapa baadhi ya wenye biashara ruzuku ya pesa, waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Ruzuku hizo ziliwasaidia sana wenye maduka. Kwa wenye viwanda vidogo hazikusaidia kiasi hicho, kwa kuwa hawa huhitaji pia malighafi, na waliokuwa wakiwaletea nao walikuwa wamepigwa na janga lile lile.

Hapo pana somo kwetu. Baada ya mafuriko, Msalaba Mwekundu, makanisa, misikiti na serikali za kaunti hutuletea blanketi, unga na vyandarua. Tunashukuru, wala sidharau, kwani mtu hawezi kufungua duka akiwa na njaa. Lakini blanketi haifungui duka. Palipo na soko linalofanya kazi, pesa kidogo zinazofika mapema mikononi mwa mwenye duka humfaa kuliko mali nyingi zinazofika mwaka ujao. Na kwa fundi, msaada ni ule unaomfikisha kwenye vifaa vyake. Jirani yetu mzee mshona nguo alipewa unga mara mbili. Cherehani yake ilikuwa imejaa mchanga na kushika kutu. Hakuna aliyemuuliza habari zake. Alifunga, akarudi shambani, na mpaka ninapoandika hajashona tena. Sare yangu ya Kidato cha Kwanza ilishonwa naye.

Wenye biashara nao wanaweza kusaidiana kabla ya kusaidiwa. Wakubaliane chumba kimoja mahali palipoinuka, cha kanisa au cha shule, ambamo bidhaa zitapelekwa onyo likitoka. Wajue mkokoteni ni wa nani na utalipiwaje. Wazibue mitaro ya kituo chao kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, maana mara nyingi maji huingia dukani kwa sababu ya taka tulizozitupa wenyewe. Wachague mtu wa kupiga mabati usiku, na mtu wa kumpigia simu yule aliye juu mtoni. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

NA SISI WANAFUNZI?

Msije mkasema hili ni jambo la wazazi. Sisi ndio tunaojua kusoma utabiri na kupiga hesabu. Likizo ijayo, kila mmoja wetu akae na mzazi wake au jirani mwenye kibanda, amwandikie orodha ya mali na kunakili daftari la madeni. Ni kazi ya saa mbili. Na kwa wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili nina pendekezo: utabiri wa msimu ukitoka, tuuandike kwa Kiswahili chepesi kwenye karatasi kubwa, tuubandike sokoni na kwenye kituo cha matatu. Tumezoea kushindana kwa misamiati migumu. Hebu na tushindane kueleza jambo mpaka mama mboga alielewe.

Mimi nilirudi shuleni muhula ule nikiwa nimechelewa wiki nne, na karo nililipiwa kwa vipande vipande. Duka la Mama liko wazi. Halijajaa kama zamani, na deni la muuzaji wa jumla alilimaliza Machi 2025. Rafu zimepanda juu. Ukutani upo mstari wa matope unaofika kiunoni, na juu yake Mama ameandika kwa makaa: MEI 2024. Mwenye nyumba alitaka kupaka rangi. Mama akamwambia, "Hapana, baba. Huo uache."